Chandarua pale Matema: yanayosemwa na yalivyo

Kila sikukuu watu wa Mbeya na Tukuyu tunashuka Kyela hadi ufukwe wa Matema, Ziwa Nyasa. Watoto hawajakauka maji, tayari chandarua chakavu kimetandazwa ziwani, wawili huku, wawili kule, wanavuta samaki. Ukiwakataza, wakubwa wao wana majibu haya.

"Ni vidagaa vya kukaanga tu, ziwa hili haliishi." Hii inaniuma kuliko zote. Ziwa Nyasa lina kina cha karibu mita 700, kweli. Lakini ukipita mita 250 hivi kwenda chini, maji hayana oksijeni, wala samaki haishi humo. Aina nyingi zimejibana karibu na nchi kavu, pale pale tunapoogelea. Tena wengi wa jamii ya magege (ndugu wa perege na sato) hawatagi maelfu kwa maelfu kama samaki wengine. Jike hutaga mayai machache, mara nyingi makumi tu, akayaatamia mdomoni kwa wiki kadhaa. Ukimnasa huyo, umebeba na wanawe wote.

"Hao ni usipa." Baadhi, ndiyo, ni usipa, dagaa wa ziwa hili. Ila chandarua hakichagui; kimwage kwenye beseni uangalie vizuri, utakuta watoto wa samaki wakubwa, wengine hawajafika urefu wa ukucha.

"Pale ni mchanga mtupu." Vaa miwani ya kuogelea uzame kidogo. Madume ya aina kadhaa huchimba mashimo ya duara au kurundika mchanga mithili ya kichuguu, ili majike waje kutaga hapo. Kokoro, yaani wavu wa kuburutwa hadi ufukweni kama hicho chandarua, likipita asubuhi moja, kazi yote hiyo inasawazishwa.

"Kokoro wamekatazwa wanaouza." Hapana. Kanuni za Uvuvi za 2009 zimeikataza zana yenyewe, hata kama unavuta kitoweo cha jioni. Mtoto mpe ndoano. Atakaa nayo kutwa nzima na atafurahi zaidi.

"Kichocho hakihusiani na uvuvi." Kinahusiana sana. Vimelea vyake hukulia ndani ya konokono wa majini, na ziwani humu wamo samaki wanaowala konokono hao. Upande wa kusini, Malawi, watafiti walihusisha kuongezeka kwa kichocho ufukweni na kupungua kwa samaki hao kutokana na kuvuliwa kupita kiasi, wakashauri uvuvi wa maji ya kina kifupi karibu na vijiji udhibitiwe ili warudi.