Je, wajua kwa nini piano ya wimbo wa jazi «Mannenberg» hulia kama ina vyuma ndani?

Jibu ni fupi: kwa sababu inavyo kweli. Hata hivyo, kwa miaka mingi niliamini jambo jingine kabisa, na nililieleza mbele za watu kwa uhakika nisiostahili kuwa nao. Nilidhani kwamba Abdullah Ibrahim, mpiga piano aliyezaliwa Cape Town mwaka 1934, aliporekodi «Mannenberg» mjini humo mwaka 1974 alipewa chombo kibovu, kwa kuwa utawala wa makaburu haukuwa na desturi ya kumpa mwanamuziki kama yeye kilicho bora. Dhana hiyo ilinipendeza kwa jinsi ilivyoshikamana na historia, lakini haikustahimili hata dakika mbili za kusikiliza kwa makini. Piano iliyochakaa hupotoka: nota moja hupanda, jirani yake hushuka, nyingine hukwama. Katika wimbo huu, unaozidi dakika 13, nota zimetulia mahali pake, na kilichobadilika ni rangi ya sauti tu.

Piano aliyoipiga ilikuwa ile ndogo ya kusimama, na nyundo zake zilikuwa zimechomekwa pini za kubandikia karatasi. Kwa kawaida nyundo ya piano huvikwa sufu iliyoshindiliwa. Chukua sufuria, uipige kwa ngumi iliyozungushiwa khanga, kisha uipige kwa sarafu: sufuria ni ileile, ila mara ya kwanza husikika mvumo na mara ya pili mlio mkali. Sufu huukumbatia waya kwa kitambo kidogo, na katika kuukumbatia huzizima zile sauti nyembamba za juu zinazoambatana na kila nota. Pini hugusa na kuachia papo hapo, kama kidole kilichogusa chungu cha moto, na sauti hizo hubaki hai.

Mlio huo mkavu hukumbusha marabi, muziki wa vilabu vya pombe vya mitaa ya Waafrika Afrika Kusini, na mzunguko wa kodi chache (yaani nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) unaorudiarudia katika wimbo huu umetoka hukohuko. Lakini pini haziwezi kubeba maelezo yote ya utamu wake: saksafoni ya Basil Coetzee ina sehemu yake, na vivyo hivyo nyimbo za kanisani ambako mama yake Ibrahim alipiga piano. Tena Manenberg, mtaa ulioupa wimbo jina na ambao rasmi huandikwa kwa n moja katikati, si mtaa alikozaliwa Ibrahim. Ni kitongoji cha Cape Town walikopelekwa watu waliohamishwa kwa nguvu kutoka maeneo kama District Six, lililotangazwa kuwa la Wazungu mwaka 1966.

Mafundi wa piano, kwa upande wao, hawaipendi kabisa hila hii, kwani pini huitoboa sufu, na ikilegea moja huweza kuchomoka na kunasa katikati ya nyaya.