Kuoka kaviti ya niobi: maana yake nini?

Mhunzi wa kule Mamba, juu ya Moshi, hupima moto kwa macho. Chuma kikiwa chekundu kinafulika, kikikaribia rangi ya machungwa ni laini zaidi, na kikichovywa majini ghafla kinakuwa kigumu. Kwa hiyo ukimwambia kuna watu wanaoka chombo cha niobi, aina ya metali, kwa nyuzijoto 120, joto lililozidi kidogo tu lile la maji yanayochemka, tena kwa saa 48, atadhani unamtania. Niobi huyeyuka karibu na nyuzijoto 2,477. Kwenye 120 haibadiliki rangi, wala hailainiki.

Lakini hapa kinachoshughulikiwa ni ngozi ya chuma tu.

Chombo hicho huitwa kaviti, na ni sehemu ya mashine za kuongeza kasi ya elektroni: ni mrija wenye matumbo, kama vibuyu vilivyounganishwa mdomo kwa mdomo. Aina inayotumika sana ina matumbo tisa na urefu wa zaidi kidogo ya mita moja. Ndani yake mawimbi ya redio hutikisika mara bilioni 1.3 kwa sekunde, na elektroni zinazopita hupata msukumo katika kila tumbo. Niobi ikipoa chini ya kelvini 9.2 (karibu nyuzijoto 264 chini ya sifuri) huwa superkondakta, yaani umeme unaokwenda upande mmoja, kama wa betri, hupita bila ukinzani wowote. Kwa mawimbi ya redio, ukinzani mdogo hubaki na kugeuza nguvu kuwa joto, na ndio unaoleta gharama: kaviti huzamishwa kwenye heli ya kimiminika ya kelvini 2, na kuondoa wati moja ya joto huko chini hula mamia ya wati za umeme huku juu.

Mawimbi hayo huingia kwenye chuma nanomita 40 hivi tu (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Unywele mmoja una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Ukuta wa kaviti una karibu milimita 3, lakini karibu wote ni wa kubeba tu. Hesabu yote iko kwenye ile ngozi.

Uokaji wa kwanza ndio ulio rahisi kueleweka. Kaviti hung'arishwa kwa asidi, na asidi huachia haidrojeni inayojipenyeza kwenye chuma. Chombo kikipozwa, haidrojeni hukusanyika na kufanya madoa yanayokula nguvu. Basi hutiwa kwenye tanuri lenye ombwe, nyuzijoto 800 kwa saa kadhaa, gesi ikatoka.

Ule wa nyuzijoto 120 huja mwishoni. Bila huo, ukizidisha nguvu ya mawimbi hufika mahali hasara, yaani nguvu inayopotea kuwa joto, inapanda ghafla; ukioka, upandaji huo unaondoka. Mafundi waliutumia kwa miaka mingi huku wataalamu wakiendelea kubishana kuhusu sababu yake. Kaviti za European XFEL, mashine ya kutoa eksirei karibu na Hamburg, Ujerumani, zilipitia hapo.

Mwaka 2013 mwanafizikia Anna Grassellino na wenzake wa maabara ya Fermilab, Marekani, walichapisha jambo la ajabu. Waliachia nitrojeni kidogo ndani ya tanuri la nyuzijoto 800, kisha wakamenya mikroni (elfu moja za milimita) chache za juu. Hasara ikapungua sana, na zaidi ya hapo, ikawa inashuka kadiri mawimbi yanavyoongezwa, hadi kiwango fulani. Kwa kawaida huwa kinyume chake. Binafsi hapa ndipo ninapopapenda: miaka yote watu walihangaika kuisafisha niobi, kumbe ilikuwa inataka uchafu kidogo, uliopimwa, kama chumvi kwenye machalari. Ukizidisha umeharibu. Hata ikipimwa vizuri ina bei yake, kwani kaviti ya namna hii kwa kawaida huvumilia mawimbi yenye nguvu ndogo kidogo. LCLS-II, mashine nyingine ya eksirei iliyoko California, ilikubali bei hiyo.

(Madini yenyewe si mageni kwetu; Panda Hill, karibu na Mbeya, ina niobi ardhini. Wazalishaji wakubwa ni Brazili.)

Siku hizi wengi wanajaribu nyuzijoto 300 hivi, kwa saa chache. Niobi ikikaa hewani huvaa kitambaa chembamba cha oksidi. Kwenye joto hilo kitambaa huyeyukia ndani na oksijeni yake husambaa kwenye ngozi, ikifanya kazi inayofanana na ya nitrojeni. Tanuri likifunguliwa, hewa huivika niobi kitambaa kipya dakika hiyohiyo, lakini oksijeni iliyokwisha kuzama ndani haitoki.