Mbwa wa polisi kwenye mechi za vyuo Marekani: wa pua au wa meno?

Mechi ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu inayoanza saa tisa na nusu alasiri mashariki mwa Marekani, kwetu mwezi wa Septemba huwa ni saa nne na nusu usiku. Aliyekesha kuitazama huenda ameshakiona kitu hiki: kamera inamfuata kocha anayemfokea mwamuzi, nyuma ya kocha kuna askari mwenye sare, na miguuni pa askari kuna mbwa. Amekaa, masikio juu, kamba imezungushwa mara mbili kwenye kiganja cha askari. Watangazaji wanaendelea na mpira, na mtazamaji anabaki kujiuliza yule mbwa anamlinda nani, na dhidi ya nani.

Sisi mbwa na ulinzi tumeviunganisha tangu utotoni kwa kile kibao cha getini, "Mbwa Mkali". Ndiyo maana tukisikia mbwa wa polisi tunawaza meno tu. Lakini jina hilo moja limebeba wanyama wawili wenye kazi tofauti. Yupo mbwa wa pua, anayefundishwa kunusa milipuko, dawa za kulevya au silaha. Na yupo mbwa wa meno, yaani wa doria, anayefundishwa kumkimbiza mtu, kumuuma na kumng'ang'ania mpaka askari amwamuru aachie. Wengine hufundishwa kazi zote mbili. Wote utawakuta na fulana yenye maandishi K-9. Hicho si cheo wala namba ya kikosi: ukiitamka herufi na tarakimu hiyo kwa Kiingereza, unasikia neno la Kiingereza lenye maana ya "jamii ya mbwa". Tanzania kazi hii iko chini ya Kikosi cha Mbwa na Farasi cha Jeshi la Polisi, jina lisilohitaji kufumbuliwa.

Polisi wenyewe nao wanahitaji maelezo kidogo. Chuo kikuu kikubwa cha Marekani huwa na idara yake ya polisi. Hao si mabawabu wa getini. Wana bastola, wana magari ya doria na wana mamlaka ya kukamata. Siku ya mechi huongezewa nguvu na polisi wa mji, wa kaunti na wa jimbo. Katika majimbo ya kusini ni desturi ya miaka mingi kwa askari wa jimbo kumsindikiza kocha mkuu hatua kwa hatua. Mbwa unayemwona pembeni anaweza kuwa amekuja na yeyote kati ya hao.

Ukubwa wa viwanja hivi ndio unaoieleza hofu iliyopo. Uwanja wa Benjamin Mkapa unachukua watu 60,000. Michigan Stadium, wa chuo kikuu kilichoko mji wa Ann Arbor, unachukua 107,601. Bryant-Denny wa Chuo Kikuu cha Alabama unapita 100,000, na hivi ni viwanja vya wanafunzi, ambavyo mara nyingi vimo ndani ya eneo la chuo, jirani na mabweni na madarasa. Tarehe 1 Oktoba 2005, mjini Norman, timu ya Oklahoma ilikuwa ikicheza na Kansas State mbele ya watu zaidi ya 84,000. Mwanafunzi mmoja alijilipua kwa bomu alilolitengeneza mwenyewe, akiwa kwenye benchi nje ya jengo la chuo lililo karibu na uwanja. Alikufa peke yake, na FBI haikumkuta na uhusiano wowote na kundi la kigaidi. Lakini tangu siku hiyo hakuna mkuu wa polisi wa chuo anayeweza kusema jambo kama hilo haliwezi kumfika. Kisha ukaja mlipuko wa mbio za marathoni za Boston, Aprili 2013, na walipuaji wa nje ya Stade de France, Novemba 2015.

Sasa mtazame mbwa wa pua akiwa kazini. Ni asubuhi, saa kadhaa kabla milango haijafunguliwa, uwanja mtupu. Askari anatembea kati ya safu za viti, mkono wake ukigusa hapa, ukionyesha pale, na pua ya mbwa inaufuata ule mkono: chini ya kiti, kwenye pipa la taka, pembeni mwa gari la televisheni, kwenye makasha ya ngoma za bendi, vyumba vya kubadilishia nguo. Habweki wala haparuzi. Akiipata harufu aliyofundishwa, anakaa chini na kumtazama askari wake. Anakaa kwa sababu kitu kinachoweza kulipuka hakipaswi kuguswa kwa kucha. Malipo yake ni mpira wa kuchezea, kwa kuwa tangu mafunzoni kila alipoikuta harufu ile, mpira ulitokea. Hamchukii mhalifu na wala hajui bomu ni nini. Anautafuta mpira wake, na kwa bidii ile ile anawalinda watu laki moja. Mimi hili hunigusa kila ninapolifikiria.

Mwanadamu ana vipokea harufu vipatavyo milioni 5 au 6 puani. Mbwa ana zaidi ya milioni 200. Lakini pua hiyo ina masharti. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na anayehema sana hawezi kunusa vizuri. Septemba ya Alabama ni joto kali, na nyasi bandia, kwenye viwanja vilivyo nazo, hupata moto kuliko hewa iliyo juu yake, moto unaoingia moja kwa moja kwenye nyayo. Ndiyo maana hufanya kazi kwa vipindi vifupi, kisha hurudishwa kwenye gari lenye kipoza hewa akanywe maji na kulala. Kelele nayo ni mtihani. Tarehe 8 Oktoba 1988 mashabiki wa LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, walishangilia goli dhidi ya Auburn kwa kishindo kilichoandikwa na mtambo wa kupimia matetemeko hapo chuoni, na kwenye mechi za Texas hupigwa mzinga timu ya nyumbani inapofunga. Mbwa asiyezoeshwa hayo tangu mdogo hafai kuingizwa humo.

Auburn yenyewe, chuo kikuu kingine kilichoko jimbo la Alabama chenye timu inayoogopwa, ndiyo iliyobuni njia mpya ya kazi hii katika kitivo chake cha tiba ya mifugo. Mtu anayetembea huacha nyuma yake mkondo wa hewa wenye harufu yake na ya alichobeba, kama jahazi linavyoacha mkondo wa maji nyuma ya tezi. Mbwa wa Auburn hafundishwi kunusa mabegi yaliyopangwa chini. Hukaa njiani, umati ukampita, na mkondo wenye harufu ya baruti ukimfikia anageuka na kuufuata mpaka kwa mwenye nao. Watu hawasimamishwi, foleni haikwami, na mara nyingi mbwa mwenyewe ni Labrador mwenye masikio yaliyolala ambaye hata mtoto hamwogopi.

Ukiyafuatilia hayo utaona kwamba kazi kubwa ya pua hufanyika kabla ya mechi na milangoni. Basi yule anayeonekana pembeni mwa mstari wakati mpira unachezwa, mara nyingi German Shepherd au Malinois wa Ubelgiji, yuko pale kwa ajili gani? Wapo wa pua wanaosubiri wito wa begi lililoachwa bila mwenyewe. Lakini aliyeletwa kwa ajili ya meno kazi yake ni kuonekana. Shabiki aliyelewa akimwona, hataruka uzio.

Hapa sikubaliani na wanaompanga pale. Mstari wa futiboli ya Kimarekani si ukuta. Kila baada ya dakika chache mchezaji wa kilo mia moja hutoka nje akiwa katika mbio kamili, pengine akiwa amesukumwa. Mbwa wa doria amefundishwa kwamba mtu anayekimbia ndiye kazi yake. Tarehe 16 Novemba 1996, Robert Baker wa Auburn alifunga dhidi ya Georgia, kasi yake ikampeleka mpaka alipokuwa Uga, mbwa wa nembo wa Georgia. Uga si wa polisi. Ni buldogi aliyevalishwa fulana nyekundu, mnyama wa kupigwa picha na watoto. Hata hivyo alimrukia Baker mdomo wazi, na picha ya tukio lile bado inasambaa hadi leo. Kama buldogi wa kupigwa picha aliweza hivyo, aliyefundishwa kung'ang'ania nyama ataweza zaidi.

Na kuna kumbukumbu. Tarehe 3 Mei 1963, mjini Birmingham, Alabama, Bull Connor, kamishna wa usalama wa mji huo, aliamuru mbwa wa polisi na mipira ya maji ya zimamoto vielekezwe kwa vijana na watoto weusi waliokuwa wakiandamana kudai haki. Picha ya mbwa akimrarua kijana nguo ilizunguka dunia nzima. Leo katika bustani ya Kelly Ingram mjini humo kuna njia inayopita katikati ya kuta mbili, na kutoka kwenye kuta hizo sanamu za mbwa zinakurukia kulia na kushoto. Huwezi kupita bila mwili kusisimka. Birmingham hiyo hiyo ndiko timu ya Chuo Kikuu cha Alabama ilikochezea mechi zake kubwa kwa miongo mingi, kwenye uwanja wa Legion Field. Chuo hicho hakikuwa na mchezaji mweusi wa futiboli mwenye ufadhili wa masomo mpaka 1970. Leo sehemu kubwa ya wachezaji wake ni vijana weusi, baadhi yao wajukuu wa walioandamana, nao wanapumzika benchini hatua chache kutoka kwa mbwa. Wala si historia iliyolala: Wizara ya Sheria ya Marekani ilipowachunguza polisi wa Ferguson, Missouri, iliandika mwaka 2015 kwamba katika kila tukio la kuumwa na mbwa ambalo rangi ya aliyeumwa ilijulikana, aliyeumwa alikuwa mweusi.

Wanaomtetea mbwa wa pembeni hutaja mashabiki wanaovamia uwanja baada ya ushindi. Tarehe 5 Oktoba 2024 Vanderbilt iliifunga Alabama, iliyokuwa namba moja nchini, 40 kwa 35. Wanafunzi waliingia, wakaing'oa milingoti ya goli na kuibeba mitaani mpaka Mto Cumberland. Huwezi kuwafungulia mbwa vijana elfu kadhaa wenye furaha, na hakuna askari mwenye akili anayejaribu. Ligi yao, SEC, imechagua kuvibana vyuo mifukoni: tangu 2025 kila uvamizi ni faini ya dola 500,000.

Kwa ndugu zetu wanaosoma huko na kwenda uwanjani: usimpapase mbwa mwenye fulana ya K-9 hata akiwa mpole, kwa kuwa yuko kazini, muulize askari kwanza. Usikimbie karibu na mbwa wa doria. Na mbwa wa kunusa akikaa chini mbele ya begi lako, simama ulipo, usiliguse begi, msubiri askari akwambie la kufanya.