Kumudu: mwili wa mnyama ukishajua njia ya kujinusuru

Hapa Lamu, punda anayebeba shogi la mchanga kutoka ufukoni kwenda mtaa wa Mkomani hujua mambo ambayo hakuna aliyemfunza. Kuna mmoja nimemtazama mara nyingi. Akifika penye kona nyembamba na kusikia kwato za mwenzake, husimama, akajibana ukutani, sikio moja mbele na jingine nyuma, mpaka mzigo wa mwenzake upite. Huko ndiko kumudu: tendo alilojifunza mnyama ili kuepuka au kupunguza linalomtisha.

Ndani ya mwili, tishio huamsha kwanza homoni ya adrenalini, na mara moyo huenda mbio. Kisha ubongo huziagiza tezi zilizo juu ya figo zimwage homoni nyingine, kortisoli, inayoongeza sukari katika damu. Kwa muda mfupi ni msaada mkubwa. Hali hiyo ikidumu, tumbo na kinga ya mwili huumia.

Mwanasaikolojia Mmarekani Jay Weiss alionyesha kumudu kunavyoingia hapo. Panya wawili walipigwa shoti ya umeme mkiani, nguvu ile ile, muda ule ule. Mmoja alikuwa na gurudumu. Akilizungusha, shoti hukatika kwa wote wawili. Asiye na gurudumu ndiye aliyepata vidonda vya tumbo vingi zaidi. Umeme ulikuwa mmoja, ila mwenye gurudumu alikuwa ameona kwamba tendo lake lina faida.

Mwaka 1971 Weiss alitoa matokeo mengine, na haya ndiyo yanayonisumbua. Safari hii panya akizungusha gurudumu alipigwa shoti fupi kwa tendo hilo hilo. Mambo yakageuka: mwenye gurudumu akaumia kuliko mwenzake.

Basi mfikirie punda wa konani. Amejibana ukutani, na bakora inamshukia kwa kuwa amesimama. Njia yake ya kujinusuru ndiyo inayomletea maumivu. Wengine huacha kujaribu kabisa, wakainamisha kichwa, nasi tukawasifu kwa upole. Lakini punda ni hodari wa kuficha maumivu, na kutulia kwake si ushahidi kwamba mwili nao umetulia. Mshushe mzigo, mwache apumzike kivulini, kisha weka kiganja nyuma ya kiwiko cha mguu wake wa mbele wa kushoto, uhesabu. Punda mzima aliyetulia moyo wake hupiga kama mara 36 hadi 52 kwa dakika.