Si Baggio peke yake aliyekosa penati, na kipa wa Italia alishafanya kazi yake

Mpaka leo watu wanasema Italia ilikosa Kombe la Dunia 1994 kwa sababu ya Roberto Baggio tu, eti alikosa penati kwenye fainali na Brazil. Jamani, hapana. Kabla yake Baresi alishapaisha juu, Massaro naye akadakwa na kipa wa Brazil, Taffarel, na hata Baggio angefunga ingekuwa 3-3 tu na Brazil bado wana penati moja mkononi.

Anayesahaulika kabisa hapo ni kipa wa Italia, Gianluca Pagliuca. Yeye ndo aliyedaka penati ya Marcio Santos, ile ya kwanza kabisa ya Brazil, baada ya dakika 120 za jua kali la Pasadena, Marekani, bila goli. Na kabla ya penati kuna lile shuti la Mauro Silva wa Brazil, alipiga kwa mbali mpira ukamponyoka Pagliuca mikononi ukagonga nguzo ukamrudia, akaibusu nguzo yake palepale, mi naipenda sana picha ile. Tena mashindano yaleyale alikula kadi nyekundu na Norway, kipa wa kwanza kutolewa Kombe la Dunia, akakosa mechi mbili, aliyetolewa ili kipa wa akiba aingie ni Baggio huyohuyo.

Wengine wanadhani fainali ile ilimmaliza. Wapi! Alikuwa na ubingwa wa ligi ya Italia, Serie A, wa 1991 na Sampdoria, akaenda Inter akabeba Kombe la UEFA 1998, akarudi kwao Bologna miaka saba, akamalizia Ascoli 2007 akiwa na miaka 40, mechi 592 za Serie A.