Mrukaji wa parachuti akiumia, msiharakishe kumsimamisha

Wengi hudhani hatari ya kuruka na parachuti iko juu angani, kabla haijafunguka. Majeruhi tunaowapokea kitengo cha dharura mara nyingi husimulia tofauti: parachuti ilifunguka vizuri, wakaumia mita chache za mwisho. Mmoja alikata kona akiwa karibu mno na ardhi, mwingine alibebwa na upepo, wakatua kwa kishindo.

Kinachofuata ndicho kinachonitia hofu. Wenzake humkimbilia, wakamshika makwapa na kumwinua, naye mwenyewe anasema hana neno. Msimkubalie upesi. Adrenalini huficha maumivu kwa muda, na mtu aliyevunjika pingili ya mgongo anaweza kabisa kusimama na kupiga hatua.

Kishindo cha kutua hakiishii kwenye nyayo. Hupanda kutoka kisiginoni hadi gotini, nyongani, na kufika kwenye pingili za kiuno. Ndiyo maana aliyevunjika kisigino kwa kuanguka tunamchunguza na mgongo pia, hata kama haulalamikii. Nawaomba sana mlikumbuke hili uwanjani, kwa sababu uamuzi wa kumwinua hufanyika kabla daktari hajafika.

Kwanza itulize parachuti, maana ikijaa upepo tena itamburuta. Shika ukingo mmoja wa kitambaa, au kamba moja ya usukani, uvute mpaka ilale. Usiguse vipini vya kifuani: kimoja huachanisha parachuti kuu, kingine hufungua ya akiba, na ya akiba hufyatuka kwa springi. Kama amenasa kwenye nyaya za umeme, kaeni mbali, pigieni simu shirika la umeme, msimguse hadi umeme ukatwe.

Kisha tazama kama anapumua, na palipo na damu inayotoka kandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia. Kofia ngumu ibaki kichwani, isipokuwa inazuia pumzi. Mwambie asigeuze shingo, mfunike asipate baridi, msimpe chakula wala maji, kwani huenda akahitaji upasuaji. Muulize kama anahisi vidole vya miguu na kama anaweza kuvichezesha. Akilalamika nyonga, msiitikise kuipima. Fupanyonga likivunjika damu nyingi huvujia ndani bila kuonekana. Kupauka, jasho la baridi na mapigo ya haraka ndiyo dalili zake.

Mkipiga simu ya dharura, elezeni mahali mlipo, gari lipite wapi, alianguka vipi na sehemu gani ilitangulia kugonga chini. Maelezo hayo hutusaidia kujua pa kuanzia.

Aliyeruhusiwa kwenda nyumbani arudi hospitali siku hiyohiyo, hata usiku, akitapika, akichanganyikiwa, akishindwa kukojoa, au mguu ukikaza na maumivu yakizidi licha ya dawa.