Chama cha wakutubi: ni nini, na kinamfaa nani?

Nenda maktaba ya mkoa, mwambie mtu wa mapokezi kwamba unataka kujiunga na chama cha maktaba. Yaelekea atakupa fomu ya msomaji. Utajaza jina, utabandika picha, utatafuta mdhamini, utalipa, utapewa kadi. Hapo umekuwa msomaji wa maktaba, na ni jambo jema, ila chama bado hujakigusa. Mambo haya mawili yanachanganywa sana, nami niliyachanganya kwa miaka mingi, kwa hiyo nitayatenganisha taratibu.

Chama cha wakutubi ni umoja wa hiari wa watu wanaofanya kazi ya maktaba. Wana katiba yao, wanachagua viongozi wao, wanalipa ada, wanakutana. Taasisi zenye maktaba, kama vyuo na shule, nazo huweza kuwa wanachama. Wengine hukiita chama cha maktaba tu, na hapo ndipo utata unapoanzia, kwa sababu maktaba zina mwenyewe mwingine. Hapa Tanzania maktaba za umma ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, chombo cha serikali kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1963 na kuundwa upya mwaka 1975. Bodi ndiyo yenye majengo, watumishi na bajeti, na ndiyo yenye Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Kenya wana huduma yao ya taifa kwa sheria ya mwaka 1965. Chama hakimiliki rafu hata moja. Mali yake ni wanachama na yale wanayoyajua.

Kuna na kundi la tatu, marafiki wa maktaba: wazazi, wastaafu, wafanyabiashara wa mtaani wanaochangia viti, rangi au vitabu kwa maktaba moja wanayoipenda. Hao hawahitaji kuwa wakutubi. Wakutubi wanawahitaji, lakini chama chao ni kingine.

Neno lenyewe lina ukoo mzuri. Kitabu, katibu, maktaba na mkutubi yote yametoka shina moja la Kiarabu lenye maana ya kuandika. Mkutubi basi ni mtu wa vitabu, na kazi yake ikaitwa ukutubi. Huko nyuma chama cha Tanzania kilijulikana kama Chama cha Ukutubi Tanzania, kwa kifupi CUTA. Siku hizi jina lake limeongezewa neno la taarifa, maana kazi imekwishavuka karatasi.

Historia yake inaanzia kwenye umoja wa nchi zetu. Mwaka 1956 ilianzishwa jumuiya moja ya wakutubi wa Afrika Mashariki nzima. Maktaba za umma zilikuwa chache sana, na baadhi ya zilizokuwapo hazikumpokea Mwafrika. Mwaka 1960 mtaalamu Sydney Hockey alitoa ripoti iliyopendekeza kila nchi iwe na bodi yake ya maktaba, na sheria za miaka iliyofuata zikaenda njia hiyo. Mwaka 1963 shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki ikafunguliwa Makerere, ili tusiendelee kupeleka watu Ulaya kusomea kupanga vitabu vyetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 jumuiya ile iligawanyika, Uganda, Kenya na Tanzania kila moja ikabaki na chama chake. Udugu haukukatika, kwani mwaka 1974 wakutubi wa kanda walikutana Dar es Salaam, na kutoka hapo likazaliwa kongamano la vyama vya Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, linalofanyika kila baada ya miaka miwili katika nchi tofauti. Mwaka 1984 Nairobi ikapokea mkutano mkuu wa shirikisho la dunia la wakutubi, lile lililoanzishwa Edinburgh mwaka 1927.

Lakini mtu haulizi historia, anauliza chama kinafanya nini. Nitaanza na warsha, kwa sababu warsha ndiyo iliyonifundisha maana ya chama.

Miaka ile nilikuwa nafundisha Kiswahili sekondari, nikakabidhiwa maktaba pia, kama wanavyokabidhiwa walimu wengi. Kilikuwa chumba kimoja chenye kufuli kubwa, na ufunguo ulikaa ofisini kwa mkuu wa shule. Vitabu vilikuwamo, vingine vikiwa bado ndani ya maboksi viliyokuja nayo. Niliambiwa siku ya kwanza kwamba kitabu kikipotea, aliyekabidhiwa atakilipa. Kwa hofu hiyo sikuazimisha kitabu hata kimoja muhula mzima. Wanafunzi walikuwa wakipita dirishani wanachungulia.

Mwenzangu mmoja akaniambia wakutubi wana warsha ya siku mbili mjini, nikaenda. Siku ya kwanza yote ilikwenda kwenye daftari la kuingizia vitabu. Kila kitabu kinapata mstari wake: tarehe kilipoingia, namba yake, mwandishi, jina, mchapishaji, mwaka, kilikotoka, bei, na mwisho kabisa safu nyembamba ya maelezo. Mama mmoja, mkutubi mstaafu, alikaa karibu nami akaiwekea kidole safu ile.

"Mwalimu, hapa ndipo unapojikinga. Kimechanika, andika. Kimepotea, andika na tarehe. Mwisho wa mwaka mnahesabu, mnaorodhesha vya kufutwa daftarini, mkuu wako anasaini. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa hakina kesi."

"Na mkaguzi akija, mama?"

"Akija, mkabidhi daftari."

Nilirudi shuleni na daftari la kurasa mia mbili, nikalichora mistari kwa rula. Mkuu wa shule aliposoma utaratibu wa kufuta vitabu, naye akapumua, kwa maana hofu ile haikuwa yangu peke yangu. Wiki ya tatu ufunguo ulihamia kwangu. Hakuna sheria wala waraka uliotubadilisha. Alitubadilisha mtu aliyekwishapita njia hiyo, na tulikutana kwa sababu kuna chama kilichotuweka kwenye meza moja.

Siku ya pili ilikuwa ya uainishaji, yaani zile namba zinazobandikwa mgongoni mwa kitabu. Maktaba zetu nyingi hufuata mfumo wa Melvil Dewey, Mmarekani aliyeutoa mwaka 1876, mwaka huohuo alipokuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha wakutubi wa Marekani. Katika mfumo huo lugha ya Kiswahili iko 496.392 na fasihi yake 896.392. Mwanafunzi akitaka sarufi anakwenda upande huu, akitaka tamthilia anakwenda upande ule. Ugumu unakuja kwenye dini. Ukristo umepewa karibu nafasi yote ya 220 hadi 280, dini nyingine zote zikabanwa kwenye 290, na Uislamu wote ni 297. Kwa shule ya Tanga, Lamu au Unguja yenye vitabu vingi vya Kiislamu, rafu nzima inakuwa na namba moja yenye mkia mrefu wa desimali. Tulijadili pia majina: je, Shaaban Robert apangwe kwenye S au kwenye R, wakati kila Mswahili anamtaja kwa majina yote mawili kwa pamoja? Maswali haya huwezi kuyamaliza ukiwa peke yako chumbani, na ukiyaamua peke yako, maktaba ya jirani itaamua tofauti, msomaji atapotea.

Warsha za siku hizi zimehamia kwenye kompyuta. Inayotajwa sana ni Koha, programu ya kuendeshea maktaba iliyotengenezwa New Zealand, ambayo jina lake kwa Kimaori lina maana ya zawadi. Haina ada ya leseni. Inachohitaji ni mtu wa kuiweka, kuitunza na kuweka akiba ya kumbukumbu zake, na mtu huyo hupatikana kwa wepesi zaidi pale wakutubi wanapofahamiana. Aliyekwishaiweka chuoni kwake humwelekeza wa chuo kingine kwa simu hadi usiku.

Kazi nyingine ni kutetea, na hii haionekani sana. Mfano ninaoupenda ni Mkataba wa Marrakesh uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2016. Unaruhusu kutengeneza nakala za nukta nundu, za sauti au za maandishi makubwa kwa ajili ya wasioona, na kuzipeleka nchi hadi nchi, bila kuomba kibali cha mwenye hakimiliki kila mara. Wakutubi wa dunia walisimama pamoja na vyama vya wasioona kuudai. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Tanzania mwaka 2020. Baada ya nchi kujiunga inabaki kazi ya kuwafundisha wakutubi kwamba haki hiyo ipo, maana mkataba usiojulikana kaunta haumfikii msomaji.

Kwa vijana wanaosomea fani hii, kwenye chuo cha ukutubi na nyaraka cha Bagamoyo kilichofunguliwa mwaka 1989, Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret au Makerere, ningesema wajiunge wakiwa bado wanafunzi, kwani vyama vingi huwatoza ada ndogo. Mkutano wa mwaka unahitaji mikono ya kuandikisha wageni na kupanga vyumba, na anayejitolea pale hutoka akifahamiana na wakuu wa maktaba ambao barua yake ya kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo isingewafikia. Matangazo ya kazi nayo huzunguka kwanza kwenye makundi ya WhatsApp ya wanachama. Wapo pia wanaowasilisha mada yao ya kwanza pale. Dakika kumi na tano mbele ya watu wa fani yako zina uzito kuliko alama ya darasani.

Nitasema na upungufu, maana chama hakijengwi kwa kusifiwa tu. Vyama vyetu vingi huamka msimu wa mkutano na kulala ukiisha. Walimu wanaosimamia maktaba za shule, ambao ndio wanaouhitaji msaada zaidi, mara nyingi hawajui kama wanakaribishwa, na nauli ya kwenda mkutanoni huwashinda. Warsha ikifanyika wilayani, hata ya siku moja na chai ya kuchangiana, huwafikia wengi ambao hoteli ya mjini haitawafikia kamwe.

Ukitaka kujiunga, anzia kwa mkutubi wa maktaba ya mkoa au wa chuo kilicho karibu nawe. Mmoja wao huwa mwanachama au anamjua aliye mwanachama. Omba kuiona katiba, uliza daraja za uanachama na ada ya kila daraja, dai risiti. Kisha uliza warsha ijayo ni lini, na uende na daftari lako la vitabu kama lilivyo, hata kama lina kurasa tupu.